Chuma Ndani ya Boti

Harufu ya mutarakwa uliotoka kupigwa randa hunipandisha hasira kwanza, kumbukumbu baadaye. Nimeuza mbao Free Area, hapa Nakuru, zaidi ya nusu ya maisha yangu na mti huo siuweki. Wateja wakiniuliza nawaambia siku hizi hautoki. Unatoka sana. Mimi ndiye sipendi kuunusa nikiwa mbele za watu.

Juzi ilinibidi. Baba alikuwa chumba cha maiti, na kabla hajaondoka aliagiza jambo moja tu, kwamba jeneza liwe la mutarakwa. Basi nikasimama kwenye karakana ya fundi, maranda yakinifika vifundoni, nikipatana bei. Ndugu yangu Maina alikuwa kando anatazama viatu vyake. Maina ni mtu wa kulipa anachoambiwa, na kupatana bei ya jeneza la mzazi kulimtoa jasho. Mimi sikuona aibu. Nilimshusha yule fundi ngazi baada ya ngazi mpaka akaweka nyundo chini.

"Mathe, ukiendelea hivi nitaingia humo mimi mwenyewe, nikuongeze bure."

"Usiingie," nikamwambia. "Na hilo tumbo utanimalizia mbao."

Akacheka, akamwita mwenzake. Vishikio vya jeneza hupigiliwa kutoka nje, na ncha ya msumari ikitokeza ndani lazima ipindwe, isije ikamchoma mwenye safari. Yule mwenzake akainama ndani ya sanduku na kipande cha chuma. "Shika," fundi akasema. Nyundo nje, chuma ndani. Niliposikia mlio ule, nilikaa juu ya rundo la mbao.

Asubuhi hiyohiyo mhudumu wa chumba cha maiti alikuwa amehangaika na mkono wa kushoto wa Baba. Vidole vitatu havikukubali kunyooka. Alitaka kuufunga kwa kitambaa. Nikamwambia auache, umekuwa hivyo tangu utoto wangu. Nikamwambia tena, ingawa hakuniuliza, kwamba ni mimi niliyeuvunja. Ndivyo nilivyojua miaka yote hiyo.

Tuliishi kwenye shamba la mzungu kando ya ziwa la Naivasha, upande wa kuelekea Gilgil. Wafanyakazi walimwita Bwana Haraka, ila si mbele yake. Alikula akiwa amesimama, alipanda farasi kabla hajafungwa tandiko vizuri, na alipiga watu kabla hajajua kosa ni nini. Alikuwa amenunua boti ya tanga ya mbao kutoka kwa mzungu mwenzake aliyeuza kila kitu akaondoka. Boti ilitoka pwani kwa gari la moshi, ikavutwa na ng'ombe kutoka stesheni, ikafika imekauka mpaka ungeweza kuingiza kidole kati ya ubao na ubao. Bwana Haraka alitaka iwe ziwani kabla ya mvua. Mvua ikaja ikaenda. Ikaja nyingine.

Wa rika langu hamhitaji kuelezwa Imajensi, ile hali ya hatari ya serikali ya wazungu. Kwa walio wadogo nitasema haya tu. Wakikuyu wa mashamba ya wazungu walikuwa wanapakiwa kwenye malori na kurudishwa rizavu, maeneo waliyotengewa Wakikuyu, wengi wao kwenye ardhi wasiyokuwa na hata shimo la kuzikia kitovu. Kabla ya lori kulikuwa na waya wa kuchunguzwa, kambi ya kusaka waliokula kiapo, na walioingia ndani ya ule waya hawakutoka wote, wala hawakutoka wazima. Shamba letu lilikuwa limeshafagiwa. Baba alibaki kwa sababu moja. Bwana Haraka alimwambia ofisa wa polisi, sote tukisikia, "Hii fundi yangu wacha. Boti ikiingia ziwa, chukua yeye, bibi, mtoto, yote." Kwa hiyo boti ile iliyojaa nyufa ndiyo iliyokuwa imetubeba, kabla haijaonja maji. Na Mama alikuwa na mimba.

Mimi sikuelewa hivyo. Nilichoelewa ni kwamba watoto wote niliocheza nao walikuwa wamepanda lori, na mimi sikuwa nimewahi kupanda hata mkokoteni. Niliwaona wamesimama juu, wameshika vyuma, wanaenda mahali. Mama zao walilia, lakini akina mama hulia hata harusini. Nikaamua kwamba lori ni zawadi, na Baba, kwa uzembe wake wa kazi, anatunyima.

Na kweli kazi ilienda kama konokono aliyeumia. Kila asubuhi Baba alikwenda kwa nyapara kuchukua tezo, msumeno, patasi na nyundo, maana chombo chochote mkononi mwa Mkikuyu kilikuwa silaha. Jioni alivirudisha vikahesabiwa. Siku moja patasi moja haikuonekana. Tulilazwa kifudifudi, Baba, Mama na tumbo lake, mimi, na Githinji aliyekuwa msaidizi wa Baba. Nyapara akahesabu vyombo, akahesabu tena, na kati ya hesabu na hesabu akatembea juu ya migongo yetu kwa fimbo, isipokuwa wa Mama, ambaye alimpiga nyayo. Patasi ikapatikana chini ya kiti chake mwenyewe.  Viboko havirudishwi kama chenji. Watu hudhani tabia yangu ya kuhesabu kila kitu mara mbili imetokana na biashara. Niliipata pale, na vumbi mdomoni.

Githinji ndiye aliyekuwa akishika chuma. Mbao za boti ile zilipandana kama magamba ya samaki. Fundi hupiga msumari wa shaba kutoka nje, ncha ikitokeza ndani, mwenzake huikandamiza kwa chuma kizito, nayo ncha hujikunja na kurudi kuzama kwenye ubao kama ndoana. Hamwonani. Ukuta wa boti uko kati yenu, mnasikilizana tu. Githinji aliimba akiwa ndani, kwa sauti mbaya sana, na Baba alimwambia, "Nyamaza, mbao zitapasuka tena."

Wakaja askari na mtu aliyevishwa gunia kichwani, matundu mawili tu ya macho. Nilidhani mle ndani ya gunia hakuna mtu, mna macho peke yake. Wakatusimamisha kando ya boti. Gunia likampita Baba, likampita Mama, likafika kwa Githinji, likainama mara moja, kumaanisha ni huyu. Basi. Wakamkandamiza Githinji kwenye ubavu wa boti wakampiga kwa vitako vya bunduki, na kila pigo boti nzima ililia kama ngoma. Alipoanguka waliendelea kupiga. Kisha wakamburuta kwa miguu mpaka kwenye gari, na kichwa chake kiligonga kila jiwe bila yeye kujali. Damu yake ilibaki kwenye ubao mpya ambao Baba alikuwa ameupigilia wiki hiyo.

Kesho yake Baba aliupiga randa ubao ule. Damu ilikuwa imezama ndani, akazidi kuuchonga. Bwana Haraka akaja akaupapasa.

"Kwa nini hii ubao nyembamba?"

"Ilichafuka, Bwana."

"Toa! Weka ingine!"

"Ingine itatoka Nakuru, Bwana. Na Nakuru watasema ngoja."

Bwana Haraka aliwaka mpaka masikio. Alimpiga Baba kofi, akampiga farasi, akaenda kuagiza ubao. Ukachelewa kufika. Hata alipokuwa hayupo tena, Githinji alituachia wiki kadhaa.

Hivyo ndivyo nilivyopata kazi. Baba aliniita "mama", kwa kuwa nilibeba jina la mama yake kama ilivyo desturi yetu, na hakuwahi kuniita vinginevyo hata akikasirika. Alinitia ndani ya boti, akanipa chuma. Kilikuwa kizito kama mtoto mchanga.

"Mama, utaogopa kutikisika," akasema. "Sasa sikiliza. Pigo la kwanza nashika msumari kwa mkono wa kushoto. Ncha ikitokeza, weka chuma, kisha nigongee ubao mara mbili. Nikisikia, mkono wangu wa kushoto unaenda mgongoni. Uko mgongoni, umesikia? Ndipo napiga kwa nguvu. Ukitikisika, msumari utapinda, tutang'oa tutie mwingine. Hakuna atakayeumia."

"Sitatikisika."

"Ukitikisika si neno."

"Nimesema sitatikisika."

Na sikutikisika. Nilikuwa na kiburi cha kazi ile kuliko cha mavazi yoyote niliyowahi kuvaa. Nikawa mwepesi kuliko Githinji. Hapo ndipo Baba alipopata tabu mpya, msaidizi mwenye haraka.

"Baba, tumalize upande huu leo."

"Pole pole, mama."

"Wenzetu wote wamepanda lori. Tumebaki sisi tu."

 "Lori litatungoja," akasema nje ya ubao.

"Na likijaa?"

"Lile halijai."

Kupatana bei nimefundishwa na yeye, ingawa hakuwa akiuza kitu ila siku. Ubao ulipofika kutoka Nakuru alimwambia Bwana Haraka kwamba ni mbichi, ukiwekwa leo utajikunja Bwana akiwa katikati ya ziwa na memsahib mkewe. Bwana akauliza siku ngapi. Baba akataja nyingi. Bwana akataja chache. Walikutana katikati, ila tofauti Bwana Haraka aliilipa kwa ufito mgongoni mwa Baba, mbele yangu na mbele ya Mama. Baba aliinuka, akapangusa magoti, akasema, "Asante, Bwana." Nilimwonea haya. Sikujua kwamba ameuza mgongo akanunua wiki mbili, na kwa bei za wakati ule alikuwa ameshinda.

Halafu zikaisha siku za kununua. Ubao ulikauka, misumari ikafika, na Bwana Haraka akaja juu ya farasi, safari hii anacheka, jambo lililotutisha zaidi.

"Fundi! Jumamosi wageni nakuja. Jumamosi boti kwa maji."

"Ndiyo, Bwana."

Akamgeukia nyapara. "Jumamosi lori." Kama mtu anayekumbuka chumvi.

Mchana huo Mama alikuwa anamenya viazi mlangoni, miguu imevimba. "Jumamosi?" akauliza.

"Jumamosi."

"Huyu bado hajashuka." Aligusa tumbo. "Nizalie juu ya lori, mbele ya askari?"

 Baba alitazama mikono yake, wa kulia, kisha wa kushoto, akaugeuza huku na huku kama anayechagua kiazi sokoni. Nilidhani anatazama uchafu wa kucha.

Siku iliyofuata tulikuwa kwenye ubao wa mwisho, mimi ndani, nafurahia, nawaza nitasimama upande gani wa lori. Pigo la kwanza. Ncha ikatokeza, nyekundu na kali. Nikaweka chuma, nikagonga mara mbili.  Nilisikia Baba anavuta pumzi, muda mrefu, mpaka nikataka kugonga tena. Kisha nyundo ikashuka, lakini haikulia shaba. Ililia kama muwa mbichi unapovunjwa gotini. Ikashuka tena, palepale.

Niliruka ukingo wa boti. Baba alikuwa amepiga magoti, mkono wa kushoto bado umelala juu ya ubao, na vidole havikuwa tena na umbo la vidole. Mfupa mmoja ulikuwa umetokeza, mweupe kama jino. Hakulia. 

Nyapara alipiga kelele, Bwana Haraka akaja mbio. Alitazama mkono, akatazama boti, akatazama mkono.

"Nani nafanya hii?"

Baba aliinua macho. "Ni mtoto, Bwana. Mtoto alitikisa chuma."

Hakusema mama. Alisema mtoto, kama ningekuwa wa mtu mwingine.

Bwana Haraka aliokota ufito. Sitawaeleza yote. Pigo la kwanza lilinipasua hapa juu ya jicho, na hadi leo nyusi hazioti. Nikaanguka ndani ya takataka za mbao, za mutarakwa, nikapigwa pale, na harufu ile ikaniingia puani pamoja na damu. Nilikuwa napiga kelele, "Sikutikisa! Sikutikisa!" Alipochoka na mimi akamkanyaga Baba ule mkono, akausaga kwa buti kama anayezima sigara. Hapo ndipo Baba alipolia. Mama alikuja anakimbia na tumbo lake, akajilaza juu yangu, na Bwana Haraka akatupa ufito akaenda zake, anatukana kwa lugha yake.

Alitafuta fundi mwingine. Hakumpata, maana mafundi wote wa mashamba yale alikuwa ameshawapakia malori yeye na wenzake. Fundi wa Kihindi wa Nakuru alimjibu kwamba ana kazi ya jeshi Gilgil, aje mwaka ujao. Basi boti ikakaa, na ubao wa mwisho umepigiliwa nusu, ukining'inia ubavuni kama jino bovu, na Bwana Haraka alipita kila siku kuulizia ule mkono kuliko alivyouliza habari za mama yake. Lori la Jumamosi lilikuja likaondoka bila sisi.

Maina alizaliwa siku chache baadaye, sakafuni kwetu, pakavu, maji ya moto yapo, Mama akanyonyesha kwa utulivu. Mkono wa Baba ulipona kombo. Alimaliza ubao kwa vidole viwili, na chuma akashikiwa na nyapara kwa amri. Mimi sikusogea karibu, maana nilikuwa nimeshaanza kuamini kwamba kweli nilitikisa. Boti ilipogusa maji iliketi chini ya ziwa kama ng'ombe aliyechoka, kwa kuwa mbao kavu hunywa kwanza ndipo zivimbe na kubana. Wageni walicheka. Bwana Haraka akampiga Baba kwa kicheko chao. Hizo zilikuwa siku nyingine tena. Boti ilipoelea, Maina alikuwa ameshakaza shingo.

Nikapanda lori. Lilikuwa na waya pande zote kama kibanda cha kuku, na hakuna aliyesimama kwa raha. Mwanamke aliyebanwa kando yetu alikuwa amejifungua jana yake, nyuma ya ghala, kwenye shamba la jirani. Tulipopanda ukingo wa Bonde la Ufa, kwenye baridi na vumbi, mtoto wake alinyamaza. Aliendelea kumtikisa. Askari alimwambia autupe huo mzigo, mwanamke akakataa, akapigwa kitako cha bunduki mdomoni, na bado hakuachia. Maina alilia njia nzima kwa sauti ya kukera, nami nikatamani anyamaze. Namshukuru Mungu kwamba matamanio yangu hayakusikilizwa.

Baba aliishi miaka mingi baada ya hapo, akatengeneza viti na vitanda kwa mkono na robo. Mara nyingi aliniita, "Mama, njoo unishikie hapa." Nilimjibu, "Tafuta asiyetikisika." Alishika mwenyewe, kwa goti, kwa meno, kwa lolote. Mama, kila nilipotaja kwamba mimi ndiye niliyevunja ule mkono, aliinuka akaenda kutazama jiko. Alikufa hajasema. Naye Baba nilimzika moyoni mapema, nikawa namtumia sukari na unga tu.

Sasa pale karakana, nimekaa juu ya rundo la mbao, nikamsikiliza fundi. Pigo la kwanza, mkono unashika. Mwenzake anaweka chuma. Nyundo. Nikahesabu. Nikahesabu tena, maana ndiyo tabia yangu.

"Fundi," nikasema, "huyu wa ndani akitikisa chuma, wewe wa nje unaumia wapi?"

Akanitazama kama niliyeanza upya kupatana bei. "Akitikisa? Msumari unapinda, mathe. Mimi naumia mfukoni tu."

"Nyundo haiwezi kukupiga mkono?"

"Mkono utatafuta nini pale? Msumari umeshaingia." Akaunyanyua wa kushoto, akauweka mgongoni. "Unakaa huku."

Uko mgongoni, umesikia?

Maina akaniuliza kama naumwa. Nilimtazama, mwanamume mzima, shingo nene, kitambi cha mtu asiyekosa chakula, ameshika pochi yake tayari kulipa bei ya kwanza aliyotajiwa na kila mtu. Nikataka kumwambia yeye aligharimu nini. Nikaona nitamwambia tukishamzika mzee. Nikainuka, nikamwondoa yule mwenzake wa fundi kwa kiwiko.

"Mathe, utachafuka."

"Nipe hicho chuma."

Nikainama ndani ya jeneza la baba yangu, harufu ile ikanijaa kichwani, na mara hii niliivuta. Kilibaki kishikio kimoja, cha upande wa kushoto. Ncha ya msumari ikatokeza. Nikaweka chuma, nikagonga ubao mara mbili.

"Piga," nikasema.

Fundi akapiga. Muulizeni Maina, alikuwepo. Hakikutikisika.